Stika za mabaka kwenye bunduki ya kuwindia: maswali yanayorudiwa kila msimu huku kanda ya ziwa

Wakuu, maswali ya stika za bunduki yamekuwa mengi, na mengi ni yaleyale, sanasana msimu ukikaribia. Nimeyakusanya hapa nikayapanga kuanzia mepesi hadi yale ya pembeni. Yamelenga mwenye bunduki yenye leseni anayewinda kihalali, ndege au wanyama, na anaishi huku Mwanza, Magu, Sengerema, Ukerewe, Bunda na kwingine kwenye unyevu wa ziwa. Kama bunduki yako haina karatasi, anza na karatasi, stika itasubiri.

## Mambo ya mwanzo

Hiyo stika ya mabaka ni kitu gani hasa?

Ni vinailo, ile plastiki nyembamba yenye gundi nyuma na mchoro mbele, ndugu yake na stika tunazobandika kwenye bodaboda na madirisha ya daladala. Tofauti ipo kwenye mchoro (majani, matete, magome ya mti badala ya picha ya mchezaji) na kwenye ubora wa plastiki yenyewe. Unaibandika juu ya kitako, bodi (ule mwili wa chuma wa katikati) na mtutu, bunduki inaacha kuonekana kipande cha chuma cheusi kinachong'aa. Sio rangi. Rangi ukishapuliza imekaa hapo, kuitoa ni kazi ya msasa na kemikali, ila stika ukiichoka unaibandua na bunduki inarudi ilivyokuwa, ilimradi uliibandika vizuri na hukuiacha miaka mingi.

Kuna aina ngapi?

Kwa matumizi yetu hesabu tatu.

Ya kwanza ni vinailo yenye gundi, nayo imegawanyika mara mbili. Kuna iliyotengenezwa kwa kumwaga plastiki ya maji halafu ikakauka yenyewe, hiyo ni nyembamba sana, mikroni 50 hivi kabla ya kuwekewa leya ya juu, inakubali kuvutwa kwenye kona na haipendi kurudi nyuma. Na kuna iliyosukumwa kwenye marola ya moto, nene zaidi, bei rahisi, ila kwa sababu ilinyooshwa kwa nguvu kiwandani inataka kusinyaa, kwa hiyo baada ya wiki chache unaona kingo zimejivuta na gundi imebaki nje inakusanya vumbi. Fundi anayekuuzia anazijua zote mbili, muulize, akikujibu "zote sawa tu mkuu" nenda duka la pili.

Ya pili ni tepu ya kitambaa yenye gundi. Hii haing'ai kabisa na inashikika vizuri mkononi hata mkono ukiwa na maji. Shida yake kitambaa kinanywa maji, na kwa huku kwetu hilo ni jambo kubwa, soma sehemu ya kutu huko chini.

Ya tatu ni ile inayojishika yenyewe, kama bandeji ya mchezaji aliyeteguka. Haina gundi ya kushika chuma, inashikana yenyewe kwa yenyewe, unaizungusha asubuhi unaitoa jioni, kesho unaitumia tena. Watu wanaidharau kwa kuwa haina sura nzuri kwenye picha, lakini kwa mtu wa ziwani ningemshauri aanze na hiyo.

Inasaidia kweli au ni urembo tu?

Inasaidia kitu kimoja kwa uhakika, kuua mng'ao. Mtutu uliopakwa oili vizuri na kitako chenye vanishi vinarudisha mwanga, na jua la saa moja asubuhi linapiga kwa chini likitokea upande wa maji, ukigeuza bunduki kidogo tu mwanga unaruka na mabata yote yameshaona. Stika isiyong'aa inamaliza hilo.

Ila haikufichi wewe. Mtu ana bunduki yenye matete ya kuchora kila inchi halafu uso wake umetoka jasho unang'aa, kofia ya njano, na anakaa akijigeuza kila dakika kuangalia simu. Ndege anaogopa kinachosogea kuliko kitu kingine chochote. Kaa kimya, kaa nyuma ya matete halisi, halafu ndio tuongee habari za stika. Faida ya pili ambayo watu hawaitaji ni mikwaruzo, kitako kinachosugulika kwenye ubavu wa mtumbwi na mawe ya huku kwetu kinakaa salama chini ya vinailo.

Ndege na wanyama wanaona rangi au wanaona nyeusi na nyeupe?

Sio nyeusi na nyeupe. Ndege wanaona rangi vizuri kuliko sisi, macho yao yana aina nne za chembe za kupokea rangi wakati binadamu ana tatu, na wengi wanaona hadi mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Halafu bata macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa. Swala na wenzake wa kwato wana aina mbili tu, nyekundu na chungwa hawazioni vizuri ila bluu wanaiona kabisa.

Maana yake kwako: ukiwinda kanga, kware au bata, rangi ya mchoro ina maana, na kitu chenye weupe mkali au kijani cha plastiki kitakuumbua. Ukiwinda swala, angalia zaidi mng'ao na umbo, na usivae jinzi ya bluu halafu ulalamikie stika.

## Sheria na usumbufu wa njiani

Naweza kuweka mabaka ya kijeshi? Nayapenda sana.

Usiweke. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wazisalimishe. Najua utasema stika sio nguo. Sawa, haya mwambie hivyo askari aliyekusimamisha kizuizini saa kumi na mbili asubuhi, wewe una bunduki mkononi yenye mabaka yaleyale ya kombati. Bunduki peke yake inatosha kumpa askari wasiwasi, usimuongezee wasiwasi wa pili.

Kuna michoro kibao ya matete, nyasi kavu na magome ambayo mtu akiiangalia anaona majani, haoni jeshi. Chukua hiyo. Na hiyo ndio sababu mi nasema chagua mchoro wenye picha halisi ya majani kuliko madoa madoa ya kijani, kahawia na nyeusi, hata kama muuzaji kakuambia ni ya kuwindia.

Namba ya silaha nayo inafunikwa?

Hapana, hapana, hapana. Namba iliyochongwa kwenye bodi au mtutu lazima isomeke muda wote bila kubandua kitu. Kufuta au kuharibu namba ya silaha ni kosa kubwa, na namba iliyofunikwa kwa macho ya mkaguzi inafanana sana na namba iliyofutwa. Kata dirisha la mstatili kuizunguka, acha nafasi ya nusu sentimita kila upande. Fanya vivyo hivyo kwa jina la kiwanda, alama za majaribio ya mtutu, na maandishi ya saizi ya risasi. Hayo ya saizi yanakulinda wewe mwenyewe pia.

Leseni inasema bunduki nyeusi kitako cha mbao, sasa imekuwa ya matete. Nifanyeje?

Silaha inatambulika kwa namba, aina na saizi ya risasi, sio kwa stika. Lakini ushauri wangu kabla hujabandika nenda kituo kilichokusajili ukawaambie, na ukishabandika waoneshe. Piga picha za kabla na baada, ziwe kwenye simu pamoja na picha ya leseni. Ni usumbufu wa asubuhi moja.

Naweza kumpelekea fundi stika bunduki anibandikie dukani?

Hapana kaka, hata ukilipa mara mbili. Silaha imeandikwa jina lako na wewe ndio unawajibika ilipo, huwezi kuiacha kwa fundi stika kama unavyoacha pikipiki ukaenda kula ugali. Njia mbili zipo. Ya kwanza unabandika mwenyewe nyumbani, vinailo umekatiwa dukani kwa vipimo ulivyochukua (angalia sehemu ya kubandika). Ya pili unaenda kwa fundi au muuzaji wa silaha mwenye kibali. Na tafadhali usiingie na bunduki duka la stika pale mjini katikati ukidhani unaenda kupima, utasababisha taharuki ya bure.

Nikibandika stika naruhusiwa kuwinda popote?

Swali hili kweli linaulizwa. Stika haihusiani na kibali. Unahitaji leseni ya silaha ya polisi na leseni ya uwindaji ya mamlaka ya wanyamapori, na hiyo ya pili ndiyo inasema mnyama gani, wangapi, eneo gani na lini. Kisiwa cha Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, huko hakuna kuwinda kabisa. Usiku kwa kumulika tochi ni kosa, hata stika yako iwe nzuri vipi.

## Kuchagua

Mchoro gani unafaa huku ziwani?

Angalia unapokaa kuwinda, usiangalie picha za Wamarekani. Michoro mingi inayouzwa imetengenezwa kwa misitu yao, miti mikubwa na majani yanayodondoka yenye rangi ya chungwa, ukiiweka kwenye matete ya Ghuba ya Speke unaonekana kipande cha msitu kilichopotea njia.

Kwa ufukweni tafuta mchoro wa matete au mafunjo, wenye mistari ya wima, rangi ya majani makavu ikichanganyika na kijani kidogo. Kwa mbugani upande wa Magu, Bunda na Maswa, kuanzia Juni hadi Septemba nyasi zimekauka, rangi ya kahawia ya mchanga na njano iliyofifia inatosha. Mvua za vuli zikishika kila kitu kinageuka kijani, hapo wengine wanataka stika ya pili. Mi naona ni hela ya bure, ukiwa na moja tu chukua ya nyasi kavu, kwa sababu hata kwenye kijani huwa kuna majani makavu lakini kwenye ukavu hakuna kijani.

Ya kung'aa au mati (isiyong'aa)?

Mati. Sababu nimeshaitoa kwenye swali la urembo. Ongeza hili tu: mchoro wenyewe unaweza kuwa mati ila leya ya juu ya kulinda wino ikawa ya kung'aa, kwa hiyo ishike mkononi, toka nayo nje juani uigeuze geuze kabla hujalipa. Taa za dukani zinadanganya.

Si nitumie tu stika ya bodaboda iliyobaki?

Kama ni ile ya kumwagwa na haing'ai, unaweza. Nyingi za bodaboda ni zile za marola, nene na zinang'aa, zinasinyaa. Na mchoro wa simba na moto hautakusaidia kwa kanga.

Ninunue kiasi gani?

Vinailo nzuri inauzwa kwa mita na roli lake lina upana wa sentimita 152. Shotigani ya namba 12 yenye mtutu wa inchi 28 ina urefu wa mita 1.2 hivi, mzunguko wa mtutu mmoja ni kama sentimita 7 na wa kitako pale panapojaa ni mara kadhaa ya hapo. Mita moja inatosha na inabaki. Usiache kununua ya ziada kidogo maana kipande cha kwanza utakiharibu, kila mtu anakiharibu, na roli lingine linaweza kuja na rangi tofauti kidogo.

Kitako changu ni cha mbao. Itashika?

Inategemea mbao imemalizwa na nini. Yenye vanishi ngumu inashika vizuri. Iliyopakwa mafuta tu, ile inayonyonya, haishiki vizuri kwa sababu mafuta yanaendelea kutoka taratibu na joto likipanda gundi inateleza. Na ukija kuibandua unaweza kuondoka na sehemu ya umalizio wake. Bunduki ya marehemu mzee yenye mbao ya jozi nzuri iliyong'arishwa kwa mikono, kwa kweli iache. Tumia ile ya kujishika.

Plastiki ya kitako inashika ila ipo ya aina ya kuteleza teleza, jaribu kipande kidogo kwanza kwa siku mbili. Mpira wa nyuma unaokaa begani haushiki, usihangaike nao.

## Kubandika

Nibandikeje mwenyewe hatua kwa hatua?

Kwanza toa risasi. Fungua chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) uangalie kwa macho, ingiza kidole, magazini ukague, halafu risasi zote zipeleke chumba kingine kabisa. Nimeandika hili la kwanza na hakuna hatua inayofuata kama hili halijafanyika.

Fungua bunduki kama unavyoifungua kusafisha: mtutu pembeni, kishikio cha mbele pembeni, bolti (kile chuma kinachofunga chemba) nje. Safisha oili yote ya nje kwa spiriti na kitambaa kisicho na manyoya, rudia hadi kitambaa kitoke cheupe. Mafundo na kona tumia pamba za masikio. Hapa ndipo watu wanaharibu, wanapitisha kitambaa mara moja wanasema imeisha, wiki ya pili kingo zinanyanyuka wanalaumu gundi. Bunduki iliyopakwa oili miaka kumi ina oili hadi kwenye vitundu vya chuma, hasa zile za rangi ya kijivu iliyoparara.

Halafu tengeneza kipimo kwa karatasi ya kawaida. Izungushe kwenye kitako, chora kingo kwa penseli, kata karatasi kwanza, ijaribu, ndio uhamishie kwenye vinailo. Kamwe usikate vinailo ikiwa juu ya bunduki kwa wembe, utachora mstari kwenye chuma au mbao ambao hautaondoka, na mstari kwenye chuma ndio mlango wa kutu.

Anza na kitako kwa kuwa ni rahisi. Bandika ukianzia katikati ukisukuma hewa kwenda pembeni kwa kadi ngumu iliyovikwa kitambaa laini. Mshono uweke chini ambako hauonekani na maji hayatuami, vipande vipandiane milimita 5 hivi. Kwenye mikunjo tumia draya ya saluni, pasha vinailo ilainike, vuta polepole, usivute ikiwa baridi. Hali ya hewa ya Mwanza inakusaidia, gundi inapenda nyuzi 15 hadi 30 na huku hatutoki sana nje ya hapo, ila usifanyie kazi juani.

Ukimaliza yote pasha tena kingo na sehemu zilizovutwa, zipate moto wa kutosha kuliko mwanzo, ukisukuma kwa kidole chenye glovu. Hiyo inaifanya plastiki isahau ilivyokuwa imekaa, isirudi. Draya ya saluni wakati mwingine haifiki joto hilo, ile mashine ya fundi ya kupuliza hewa ya moto inafika ila isogeze mbali na mbao usije ukachoma vanishi. Iache masaa 24 bila maji wala oili. Halafu unganisha bunduki, chezesha kila kitu kikiwa tupu, ukisikia kinakwaruza popote simama, toa stika hapo.

Sehemu gani zisifunikwe kabisa?

Triga na ule upinde unaoizunguka kwa ndani. Seifti (kile kitufe cha kuzuia bunduki isifyatuke) na ile alama nyekundu yake, lazima uione. Dirisha la kutolea maganda. Mdomo wa mtutu na nyuzi za choku (kile kipande cha kubana mdomo wa mtutu). Pale juu ya mtutu unapolengea, hata kama panang'aa kidogo. Matundu ya kutolea gesi kwa zile zinazojijaza zenyewe. Bolti na kitu chochote kinachoteleza ndani ya kingine. Magazini inayochomoka. Namba tumeshaongea. Na zile chora chora za kushikia kwenye kitako, ziache wazi, zimewekwa ili mkono usiteleze, na mkono wa mtu wa ziwani una maji muda wote.

Yangu ni ya pampu. Kuna tofauti?

Ipo kubwa. Kishikio cha mbele kinasafiri juu ya ule mrija wa magazini, ukiubandika mrija wote kishikio kitakwama katikati au kitaikunja stika ijikusanye, na hiyo inatokea risasi ya pili inapohitajika. Bandika kishikio chenyewe, mrija acha. Ya kukunja, ile ya mtutu mmoja au miwili, usipitishe stika kipande kimoja kutoka kishikio hadi bodi, pale kwenye bawaba kata, vinginevyo haifunguki au inafunguka ikiwa imechanika.

Raifo na skopu (darubini ya kulengea) je?

Kama mtutu wako umetengenezwa usiguse mbao mbele, hakikisha stika haizibi ile nafasi. Pitisha noti chini ya mtutu, ikipita kabla na isipite baada, umeharibu shabaha mwenyewe. Skopu inabandikwa mrija tu, vifundo vya kurekebishia na vioo unaviacha. Ukiitoa kwenye vishikio vyake ili uibandike, lazima ukalenge upya kabla hujaenda porini.

Vipovu vya hewa vimebaki.

Vidogo vya kichwa cha pini vinaondoka vyenyewe baada ya siku kadhaa. Vikubwa vitoboe kwa sindano pembeni, sio katikati, pasha sukuma. Ila kwenye chuma nakushauri ubandue hicho kipande ukibandike upya, sababu iko sehemu inayofuata.

## Unyevu, kutu na matunzo

Si stika inazuia maji, kwa hiyo inazuia kutu?

Hapa ndipo nataka msome vizuri maana hili ndilo linaloharibu bunduki za watu huku kwetu.

Vinailo inazuia maji kuingia, sawa, ila inazuia pia kutoka. Chuma kinapata kutu kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, na chini ya stika vyote viwili vinapatikana vizuri tu: kipovu cha hewa, kingo iliyonyanyuka, unyevu ukaingia kwa kunyonywa kwenye ule upenyo mwembamba. Bunduki ya wazi ukirudi nayo unaifuta, unapaka oili, imeisha. Iliyobandikwa unaifuta juu, inaonekana safi inapendeza, huku chini yake doa la kahawia linatembea.

Na huku tuna mambo yanayozidisha. Kuna umande wa asubuhi kando ya ziwa. Kuna kutoka kwenye baridi la alfajiri kwenye mtumbwi ukaingiza bunduki ndani ya gari lenye joto, unyevu unaganda kwenye chuma. Kuna jasho la mikono, lina chumvi, na chumvi inaharakisha kutu kuliko maji matupu ya ziwa. Ndio maana ile ya kitambaa yenye gundi mi siipendi kwenye mtutu kabisa, imelowa asubuhi na hadi jioni bado ina unyevu, imekumbatia chuma.

Sasa ufanyeje. Njia ninayoipendekeza kwa mtu wa ziwani ni kubandika kitako na kishikio cha mbele tu kwa vinailo, bodi ukitaka, halafu mtutu uutumie ile ya kujishika ambayo unaitoa kila jioni, unafuta, unapaka oili, unaiacha bunduki uchi. Wanaotaka mtutu nao uwe na vinailo basi wakague kingo zote kila wakirudi, wapitishe kucha, palipoinuka pabanduliwe leo leo. Usipake gundi ya supagluu kurudishia kingo. Utakuwa umefungia maji ndani.

Na ukiona kivimbe kidogo cha rangi ya chai kinaonekana kwenye stika ya rangi hafifu, hiyo sio uchafu, bandua.

Imeanguka ziwani. Stika itakuwa imeilinda?

Haijalinda kitu, maji yameshaingia chemba, triga na kila tundu. Hakikisha haina risasi, toa maji mtutu ukielekea chini, fungua yote, kausha, paka oili ndani na nje. Stika ya mtutuni toa yote hata kama inaonekana nzima. Ya kitako cha plastiki inaweza kubaki, ya kitako cha mbao toa, mbao iliyonywa maji inavimba na inahitaji kupumua siku kadhaa kivulini.

Mtutu ukipata moto, stika haiyeyuki?

Kwa uwindaji wa kawaida, risasi chache kwa asubuhi nzima, haifiki huko. Ukienda kulenga shabaha ukapiga pakiti nzima bila kupumzika, mtutu unakuwa hauguziki na gundi inalainika, stika inatembea na inanuka. Siku za mazoezi toa.

Cha hatari zaidi huku ni gari. Bunduki kwenye boksi nyuma ya gari lililofungwa juani mchana, gundi inalainika kingo zinajivuta. Na bunduki haitakiwi kuachwa kwenye gari kwa sababu kubwa kuliko stika.

Nisafishe na nini?

Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kausha. Oili ya bunduki isimwagike kwenye kingo, inaingia chini na kuua gundi, kwa hiyo paka kwa kitambaa badala ya kupuliza. Petroli na tina ya rangi zisiguse stika.

## Kubandua

Naitoaje bila kuharibu?

Pasha kwa draya, inua kona kwa kucha au kijiti cha mianzi, vuta ikiwa imelala karibu na uso wa bunduki, sio kuinyanyua juu, na vuta polepole. Ikikatika katika maana yake imezeeka juani, pasha zaidi, uwe na subira. Gundi iliyobaki kwenye chuma sugua na spiriti au mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu futa yote upake oili siku hiyohiyo, maana chuma sasa hakina ulinzi wowote. Kwenye mbao na plastiki jaribu mahali pasipoonekana kwanza, mafuta ya taa yanaweza kufifisha vanishi.

Inakaa muda gani?

Usisubiri ikatae yenyewe. Kwa unyevu wetu, msimu ukiisha bandua ya mtutuni, kagua. Ya kitako ikiwa bado imekaa vizuri iendelee.

## Ya pembeni

Nina gobore, nalo linafaa?

Kama limesajiliwa. Magobore mengi yaliyoko vijijini hayana karatasi na hilo ndilo tatizo la kwanza, kubandika stika kwenye silaha isiyosajiliwa ni kujiongezea maswali. La pili, pale kwenye fataki moto na moshi vinatoka nje, stika ya jirani inaungua. La tatu, masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu na yanakula chuma, gobore linatakiwa kuoshwa kwa maji ya moto baada ya kutumika, stika na maji ya moto haviendani. Kitako tu, au ile ya kujishika.

Bunduki ya upepo je, haina sheria si ndio?

Usidhani hivyo, kaulize polisi kabla hujainunua, sio kabla hujaibandika. Kuhusu stika yenyewe ni rahisi kuliko zote kwa kuwa mtutu haupati moto, ila zile za kukunja mtutu zina bawaba, soma mwisho wa jibu la ya pampu.

Nikiuza bunduki niitoe kwanza?

Toa. Mnunuzi ana haki ya kuona chuma, na polisi wanaoshughulikia uhamisho wa umiliki nao watataka kuiona. Mi nikioneshwa bunduki ya kuuza imefunikwa mwili mzima nauliza kwanza chini kuna nini.

Niliiweka chini kwenye nyasi nikafuate ndege, kurudi siioni. Kuna mbinu?

Inatokea, na sio jambo la kucheka, silaha ikipotea inabidi uripoti polisi haraka na maelezo yake ni marefu. Kwanza usiweke bunduki chini ukaondoka, mkanda wa begani upo kwa kazi hiyo. Pili, zungushia tepu ya rangi ya chungwa kali upana wa vidole viwili chini ya kitako karibu na mpira wa begani, mahali ambapo ukiwa umeishika mwili wako unapaziba ila ikiwa imelala panaonekana. Kwa swala hiyo chungwa haina shida. Kwa bata na kanga ina shida, kwa hao ifunike na kiganja au mkono wa koti wakati wa kusubiri.